Mkenya Aliyepotea Msituni

Wasomaji wangu, najua nimekuwa kimya. Wengine mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama bado nipo hai, na lini nitamalizia ile makala ya hifadhidata. Nipo. Hifadhidata itangoja kidogo. Leo nataka kuwaeleza kuhusu kitu ambacho kimekula wikendi zangu kwa miaka kadhaa sasa, na ambacho mke wangu hukiita "kulipa hela ili upotee".

Mchezo wenyewe sijawahi kusikia jina lake la Kiswahili. Wafini, ambao ninaishi kati yao tangu 2019 kwa sababu ya kazi, huuita suunnistus, kutokana na neno suunta, yaani mwelekeo. Mimi nauita mbio za ramani. Unapokea ramani dakika ya kuanza, si kabla. Juu yake kuna duara za zambarau, kila moja ni kituo, na kazi yako ni kuvifikia vyote kwa mpangilio uliopangwa, kwa njia yoyote utakayochagua mwenyewe, ukiwa na miguu yako na dira basi. Huko msituni kila kituo kina kibendera cha rangi ya chungwa na nyeupe, na namba yake. Unakutanisha kifaa chako kidogo na kifaa cha kituo, namba na saa vinarekodiwa, unaendelea. Ukichukua kituo ambacho si chako na usirudi kutafuta kilicho chako, matokeo yako yanafutwa. Hakuna alama ya nusu. Ni kama kikusanyaji cha programu: ama imekubali ama imekataa, na haijali ulikesha.

Mashindano ya kwanza ya wazi yalifanyika Norway mwaka 1897. Hapa Finland watoto hufundishwa shuleni, na hata kampuni ya Suunto, ambayo wengi wenu mnaijua kwa saa zake, ilianzishwa mwaka 1936 na mpenzi wa mchezo huu aliyechoshwa na dira ambayo sindano yake haitulii.

Kwa sisi watu wa tarakilishi, ramani peke yake inatosha kukuroga. Ni 1:10,000 mara nyingi, yaani sentimita moja ni mita mia. Kahawia ni mistari ya miinuko, buluu ni maji na vinamasi, nyeusi ni mawe na majabali. Msitu mzuri wa kukimbia unachorwa kwa rangi nyeupe! Kijani ni pale ambapo miti imebanana hata huwezi kupita. Ilinichukua msimu mzima kuacha kukimbilia kijani. Tena serikali ya Finland ilifungua data zake za ramani kwa umma mwaka 2012, pamoja na vipimo vya leza kutoka angani, na kuna programu ya bure iitwayo Karttapullautin inayomeza vipimo hivyo na kukutolea ramani ya msitu inayosomeka. Nimepoteza usiku mwingi nayo. Hiyo nayo ina makala yake siku nyingine.

Sasa, nilivyoingia. Mwaka 2021 mwenzangu wa ofisini alinialika kwenye iltarastit, mazoezi ya jioni ambayo yeyote anaweza kuja, analipa kidogo, anapewa ramani. Nilipofika watu walinitazama, wakatazamana. Mkenya! Klabu ikanisajili wiki hiyo hiyo. Sikuwa na moyo wa kuwaambia kwamba nilizaliwa Nakuru mjini na shuleni nilienda kwa matatu. Wakenya wanaokimbia wapo, Mungu awabariki, lakini mimi nilikuwa yule mtoto anayesingizia kuumwa tumbo siku ya michezo.

Hata hivyo kitu kimoja nilikuwa nacho bila kujua. Sisi tumelelewa bila majina ya barabara. Ukielekezwa kwa mtu, unaambiwa: shuka steji, fuata ukuta wa shule mpaka uishe, ukiona kibanda cha mama mboga umepitiliza, rudi, ingia geti la samawati. Hivyo ndivyo mbio za ramani zinavyokimbiwa. Hulengi kibendera, unalenga kitu kikubwa usichoweza kukikosa karibu nacho, kisha kutoka hapo unanyata. Na unajua mapema kitu kitakachokuambia kwamba umepitiliza. Wafini walinieleza jambo hili kwa mchoro na mishale. Nikawaambia, aa, mama mboga.

Ndipo kasi ikaniharibu. Baada ya misimu miwili ya mazoezi nilikuwa nakimbia vizuri kuliko nilivyosoma, na hakuna ugonjwa mbaya kama huo katika mchezo huu.

Juni 2024 tulikwenda Jukola, kule Kauhava. Jukola ni mbio za kupokezana zilizoanza mwaka 1949, mikondo saba, zinaanza Jumamosi saa tano usiku na kuendelea mpaka asubuhi. Timu zaidi ya elfu moja, maelfu ya taa za kichwani zikiingia msituni kwa mpigo. Ukiziona mara ya kwanza unaweza kulia. Mimi nilipewa mkondo wa pili. Mkondo wa saba, wa mwisho, alipewa mtu ambaye tunamwita Mzee. Ni mwalimu mstaafu, na Wafini wote humwita kwa jina lake la kwanza, lakini mimi nilishindwa kabisa kumwita mtu wa umri wa baba yangu kwa jina, nikawa namwita Mzee, na sasa klabu nzima inamwita hivyo wakidhani ni jina la utani. Mwaka huo alikuwa ametoka kupona mguu. Alikuwa amefanya mazoezi tangu Januari kwa ajili ya usiku ule mmoja.

Nilipokea ramani saa saba na kitu. Juni huku giza halikamiliki, lakini chini ya miti unahitaji taa. Vituo vitano vya kwanza vilikwenda kama maji. Nilipita watu. Kuelekea cha sita nikawakuta wanne wanakimbia kwa mstari, wanajiamini, nikajiunga mkiani.

Lazima nieleze jambo moja hapa. Katika mbio hizi waandaaji hugawanya njia makusudi. Wewe na jirani yako mnaweza kuwa na vituo viwili tofauti, mita mia moja tu kati yao, ili watu wasifuatane kama kondoo. Mwisho wa siku timu zote zimekimbia vipande vile vile, lakini si kwa mpangilio mmoja. Kila mtu anajua hivyo. Mimi nilijua.

Wale wanne wakafika kwenye jiwe kubwa lenye kibendera, wakarekodi, wakaondoka. Nikarekodi, nikaondoka. Namba yangu ilikuwa 128. Pale paliandikwa 114. Niliiona kwa pembe ya jicho. Zote zinaanza na moja. Na kinamasi, ambacho kwenye ramani kilikuwa kushoto kwa jiwe langu, kilikuwa kulia. Kuna kitu ndani yangu kilisema, kwa sauti ndogo sana: hapana. Nikakijibu: twende, wanatuacha.

Nilimaliza kwa muda mzuri kuliko wowote niliowahi kupata. Niliposomesha kifaa changu, mhudumu alitazama skrini, akanitazama, akasema neno ambalo kila mkimbiaji hapa analijua: hylätty. Imekataliwa. Si mimi tu, timu nzima.

Watano walikuwa bado hawajakimbia. Walikimbia wote, kwa sababu wamekuja na wamelipa, lakini kwa mbio zisizo na matokeo. Mzee alitoka msituni asubuhi akichechemea kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nilikuwa na maelezo: usiku, wale wanne, taa. Akaniuliza swali moja tu. "Ulijua saa ngapi?"

Nikasema nilijua mwishoni, kwenye mashine. Akatikisa kichwa, akaenda sauna.

Ule ulikuwa uongo, na ulinisumbua zaidi ya kosa lenyewe. Nilijua palepale kwenye jiwe. Nilimwambia wiki mbili baadaye, kwenye mazoezi, tukiwa tunafunga viatu. Akasema, "Ndiyo. Namba hiyo kila mtu huiona."

Sasa nitawaambia kwa nini naandika haya kwenye ukurasa wa teknolojia. Miaka michache kabla, kazini, nilitoa toleo jipya la mfumo Ijumaa jioni. Kulikuwa na onyo moja la rangi ya njano kuhusu jinsi tarehe zinavyohifadhiwa. Nililiona kwa pembe ya jicho. Nikasema nitaliangalia Jumatatu. Jumamosi saa nane usiku simu ikalia, na nilipoulizwa kama kulikuwa na dalili yoyote, nikasema hapana. Jiwe lile lile.

Nilikuwa nadhani umakini ni kukaza. Kukaza macho, kukaza meno, kutofikiria kitu kingine. Hakuna anayeweza kukaza kwa saa mbili, mapigo ya moyo yako juu namna ile. Umakini unaondoka tu, kila mbio, kwa kila mtu. Unafikiria mkopo, unafikiria mkimbiaji aliyekupita, unafikiria utakavyosimulia ulivyoshinda. Hata mabingwa hawamiliki kila kitu: Thierry Gueorgiou, Mfaransa aliyetwaa dhahabu nyingi za dunia, mwaka 2008 alikuwa akiongoza mbio za kupokezana za mashindano ya dunia huko Czech akameza nyuki. Nyuki! Mbio zikaishia hapo. Mambo mengine ni ya Mungu. Lakini kuona umakini umeondoka, na kuthubutu kusimama wakati wote wanakimbia, hilo la kwako.

Kwa hiyo majira ya baridi ya 2024 kuingia 2025 sikufanyia mazoezi mapafu. Nilifanyia kusimama. Nilikuwa nakimbia kwenye mashine ya mazoezi nikiwa na ramani ya zamani mkononi, kila dakika tatu natazama mguu mmoja wa njia kwa sekunde tano, nageuza ramani, najisimulia nilichoona. Mwanzoni nilikuwa nakumbuka kitu kimoja. Kufikia Machi vinne.

Na nikagundua jambo la ajabu. Maneno yote ya msituni nilikuwa nimefundishwa kwa Kifini: suo ni kinamasi, mäki ni kilima, kivi ni jiwe. Nikiwa nimechoka yalikuwa yanachelewa kuja, na ramani inachelewa nayo. Nikaanza kujisemea kwa Kiswahili, kwa sauti. "Kilima kushoto. Kibonde. Vuka njia. Jiwe, kinamasi mkono wa kushoto, moja mbili nane." Ghafla nikawa nasoma ardhi kama mtu anayeelekezwa nyumbani kwa shangazi. Kuna mama mmoja wa Espoo aliyekuwa akichuma uyoga ambaye sidhani kama amesahau.

Mbio za masika 2025 hazikuwa za kusifiwa. Aprili, mbio za usiku, nilipoteza dakika kumi na moja kwenye kituo kimoja kwa sababu nilishika ramani juu chini, jambo ambalo naomba libaki kati yetu. Mei nilikimbia mbili fupi, moja vizuri, nyingine nilisimama mara nyingi mno mpaka nikawa nasimama kwa woga, si kwa shaka. Hivyo ni vitu viwili, na bado sijui kuvitofautisha kila mara.

Juni tukarudi Jukola, Mikkeli, kwenye nchi ya maziwa. Nahodha akasoma orodha. Mkondo wa pili: mimi. Hakuna aliyesema kitu. Mkondo wa saba: Mzee.

Kituo cha tisa nilifika na kundi la watu kumi hivi. Kibendera chini ya genge dogo. Wote wakarekodi wakaondoka, na mimi nikasikia ile sauti: hapana. Genge lilionekana fupi mno. Nikasimama. Nikasoma namba kwenye kituo, nikasoma kwenye ramani, zikalingana. Nikasoma tena. Taa zikanipita, ishirini labda. Nikatazama mlima, nikatazama dira. Kila kitu kilikuwa sawa tangu mwanzo. Shaka ilikuwa ya uongo. Nikarekodi nikaenda.

Asubuhi, timu ikiwa na matokeo, kitu cha kawaida kabisa cha katikati ya orodha, tulikaa nje ya hema tukila soseji. Mzee alikuwa na karatasi ya muda wa kila kituo, na miwani puani kama anasahihisha mtihani.

"Kituo cha tisa," akasema. "Umekaa dakika moja na nusu. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasoma namba."

"Ilikuwa sahihi?"

"Ilikuwa sahihi."

Akaikunja karatasi, akanisogezea haradali.