Usiku Mmoja Kando ya Mto Naro Moru

Baba yangu mzazi hajapata kuelewa kwa nini mtu mwenye nyumba na kitanda atoe fedha zake ili akalale chini msituni. Nilipomwarifu, wakati wa likizo ya Aprili, kwamba nampeleka mjukuu wake kupiga kambi katika msitu wa Mlima Kenya, alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Kwani mmefukuzwa nyumbani?" Nami simlaumu. Yeye alikuwa mtoto mdogo siku za Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, wakati msitu ule ulipopigwa marufuku, na mtu aliyeonekana ndani yake aliweza kupigwa risasi. Mama yake alikuwa mmoja wa wanawake waliotolewa vijijini kwenda kuchimba handaki la kuutenga msitu na watu. Kwa baba, msitu si mahali pa kustarehe.

Hata hivyo tulikwenda, mimi na mwanangu mwenye umri wa miaka 12. Tulipita Naro Moru yapata saa saba mchana, tukapanda barabara ya udongo mpaka kwenye kambi iliyo kando ya mto. Msomaji asidhani ni mahali pa fahari. Palikuwa na uwanja wa majani, choo cha shimo, mawe yaliyopangwa duara kwa ajili ya moto, na bomba moja la maji ambalo siku ile lilikuwa kavu. Lakini ile miti! Mitarakwa na mipodo mirefu ilisimama pande zote, na mbega wakaruka kutoka tawi hata tawi huku mikia yao myeupe ikiwafuata nyuma kama vitambaa. Na katikati ya hayo yote mto, maji maangavu, baridi ya kuumiza vidole. Maji hayo hutoka juu sana, katika bonde la Teleki, chini ya kilele ambacho barafu yake imepungua mno siku hizi, nayo huteremka mpaka yakaingia Ewaso Ng'iro.

Nilipapenda mahali pamoja tambarare penye mchanga laini, hatua sita tu kutoka majini, nikapiga hema hapo. Nilikuwa namalizia kigingi cha mwisho, akaja mlinzi wa kambi, mzee mwenye koti zito na fimbo. Baada ya kutusalimu alisema, "Bwana, hapo ni pa mto. Leo haupo, lakini ni pake. Hamia pale juu penye mipodo."

Nikamjibu, "Mzee, mbingu ni nyeupe, na maji hayafiki magotini."

Akanyosha fimbo yake kwenye kichaka kilichokuwa nyuma ya hema langu. Matawi yake yalikuwa yameshika majani makavu na vijiti, juu kuliko goti langu. "Yale aliyatundika nani?" akauliza, akaenda zake.

Sikuhama. Nilikuwa nimesoma kama watu wengine jinsi mto Talek ulivyofurika mwanzoni mwa Mei 2024 kule Maasai Mara, ukazifunika kambi za wageni, hata wengine wakaokolewa kwa helikopta. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Ukweli ni kwamba mwanangu alikuwa akinitazama, nami sikutaka amwone baba yake akiamrishwa na mtu mwenye fimbo.

Kuni zilikuwa mbichi, tukala ugali wenye harufu ya moshi, tukanywa chai. Jioni radi zilinguruma mbali, upande wa mlima, lakini kwetu halikuanguka hata tone. Saa tatu tukalala.

Yapata saa nane usiku mwanangu alinishika bega. "Baba, mto umebadili sauti."

Nikamwambia alale. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema tena, "Baba, mawe yanatembea." Hapo nami nikasikia. Ule mnong'ono wa mchana ulikuwa umekwisha. Palikuwa na ngurumo nzito, na chini yake mawe yakigongana. Nikafungua hema, nikamulika tochi. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yamebeba majani na matawi, na zile hatua sita zilikuwa zimebaki mbili.

Sikumbuki tulivyong'oa vigingi. Nakumbuka tu mwanga mwingine ukija mbio kutoka juu. Ni yule mzee, ambaye nadhani hakulala kwa ajili yetu. Akamshika mwanangu mkono, akampandisha, kisha akarudi tukaliburura hema pamoja na blanketi ndani yake. Sufuria na kiatu changu kimoja vilikwenda na mto. Haikupita nusu saa, mahali pale tulipokuwa tumelaza vichwa pakawa mto mtupu. Mvua ilikuwa imenyesha juu nyikani jioni ile, na maji yake yalikuwa yametembea saa kadhaa gizani mpaka kutufikia, nasi tumelala pakavu tukijiona salama.

Tulikesha katika kibanda cha mzee penye moto. Mbele ya mwanangu nikamwambia, "Mzee, nilikosa, unisamehe." Si maneno mengi, lakini yalinitoka kwa shida kuliko kuliburura lile hema. Mzee akacheka, akamwambia kijana, "Una masikio mema," akammiminia chai.

Tuliporudi nyumbani nilimweleza baba yote, bila kuficha lile la kichaka. Nilitazamia kukemewa. Badala yake akamgeukia mjukuu wake. "Ulisikia mawe?"

"Ndiyo, Guka. Yalikuwa yakigongana."

"Hata sisi tuliyasikia hivyo kutoka kijijini, siku za masika," baba akasema. "Tulikuwa hatuwezi kwenda kuyatazama."

Akakaa muda mrefu akiwaza. Kisha akaniuliza lile hema langu linalaza watu wangapi.