Kilo Zangu, Springi Zake

Wapo wanawake wanaogawana waume zao na mpira wa Ulaya, wengine na baa, wengine na simu. Mimi wa kwangu nagawana naye na pikipiki. Tena si bodaboda, jamani. Ni dude la safari, Honda Transalp ya mwaka 1991, sisi 583, silinda mbili, na masanduku pembeni kama punda wa harusi. Nilimkuta nayo. Nilipokubali posa nilijua kabisa kwamba nimeposwa na wawili.

Tunakaa Igogo, kule juu kwenye mawe. Wageni wa Mwanza hupapiga picha na kusema pazuri, sisi wenyeji tunapajua kwa magoti. Kutoka kwetu mpaka barabara kubwa ni mteremko, mashimo, makorongo ya mvua na jiwe moja lililogoma kuondoka tangu enzi za babu zetu. Ukitaka kujua afya ya pikipiki yako, iteremshe pale na mtu nyuma.

Desturi yetu ilikuwa Jumamosi mbili kwa mwezi kwenda Sengerema kwa mama yangu, mayu, kama tunavyomwita. Mayu ana presha na sukari, anataka dawa zifike na anataka kuniona aliyezileta. Enzi za kivuko ilikuwa safari ya kuomba Mungu, kwani foleni ya Kigongo haikujali mgonjwa wala bibi harusi. Tangu Daraja la John Pombe Magufuli lizinduliwe tarehe 19 Juni 2025, ni kiasi cha kilomita tatu juu ya maji na umefika Busisi. Sasa cha ajabu, njia ilipokuwa nyepesi ndipo mimi nikagoma kupanda.

Sababu ni mgongo. Tangu mtoto wa pili haujarudi kuwa ule wa zamani. Kila mume wangu alipogusa breki, pua ya pikipiki ilizama kama mtu anayesujudu, mimi nikateleza mbele, na kofia yangu ikagonga yake: ko! Tuta la Mkuyuni, ko! Rasta za Buhongwa, ko-ko-ko! Na tukikutana na tuta lisilo na alama, shokapu za mbele zilifika mwisho wa safari yake zikapiga "dungu!", na huo mshindo ukapanda wote mpaka kiunoni kwangu. Siku moja tulipofika nyumbani nikavua kofia nikamwambia, "Baba, mimi sipandi tena. Nitakwenda na basi."

Basi nalo na kazi zangu za ofisini havikupatana. Kwa miezi mitatu akawa anakwenda peke yake. Alipeleka dawa, akarudi na michembe na karanga, na salamu za mayu zilizokuwa na swali ndani yake. Hapo ndipo shosti wangu mmoja wa kazini, bila kualikwa, akanipa ushauri: "Mwenzangu, kiti cha nyuma hakikai wazi." Nilicheka. Usiku sikulala vizuri.

Mume wangu ana kasoro zake, lakini nampa haki yake kwa jambo moja: hakuniambia kwamba nimedeka. Alikaa kwenye kigoda akaniuliza kama daktari. Inaanza kuuma saa ngapi? Tukifunga breki au tukipita tuta? Mshindo unatoka mbele au chini ya kiti? Nikamjibu yote, maana mtu wa nyuma anaijua pikipiki kuliko anavyodhaniwa. Wa mbele analiona tuta akajiandaa, wa nyuma analipokea kwa uti wa mgongo.

Fundi wetu wa mtaani alikuwa na dawa yake tayari: mimina oili nzito kwenye shokapu. Ndiyo dawa inayotolewa karibu kila gereji, na kwa muda mfupi unaona kama imekubali, maana zinakuwa ngumu. Lakini mume wangu alinieleza kwa kutumia kitanda, na nikamwelewa. Ndani ya kila shokapu kuna vitu viwili vyenye kazi tofauti. Springi ndiyo inayobeba uzito. Oili inapita kwenye vitundu vidogo na kupunguza kasi ya kuzama na kuinuka, basi. Oili nzito haibebi mtu. Inachelewesha tu, na kwenye mashimo madogo yanayofuatana shokapu inashindwa kupanda upesi, mnapigwa mikono na mgongo vilevile. Kitanda kikibonyea katikati, huongezi mashuka, unabadilisha chaga.

Na springi zetu zilikuwa na umri wa ndoa mbili. Chuma kikibanwa na kuachiwa mamilioni ya mara hufupika. Isitoshe, wale walioziunda walimfikiria zaidi mtu mmoja wa wastani. Hawakumfikiria Msukuma wa kilo 88 akiwa na mkewe, masanduku mawili, sukari, sabuni, na wakati wa kurudi jogoo wa shukrani.

Akapata springi mpya za Hyperpro, kampuni ya Uholanzi. Kabla ya kuagiza akaja na swali ambalo mwanaume mwenye akili huliuliza akiwa amesimama karibu na mlango. "Mama, una kilo ngapi?"

Jamani. Miaka kumi na moja ya ndoa, mtu huyu hajawahi kuijua namba hiyo.

"Unataka za nini?"

"Siyo mimi, ni springi. Lazima nijue inabeba nini."

Jumatatu yake nikapita Makoroboi, nikampa kijana wa mizani sarafu yake, nikapima nikiwa na koti la safari na kofia ya pikipiki mkononi. Watu walinitazama kama nimechanganyikiwa. Kilo 74 na vyote. Nikaandika kwenye karatasi, nikaikunja mara nne, nikamwekea kwenye mfuko wa shati. Hakusema kitu, na kwa kutosema kitu alijiongezea siku za kuishi.

Zilipofika nilikuwa tayari nimeshapiga hesabu ya springi, usafiri na ushuru, na makochi mapya yakasogezwa mbele. Nikafungua boksi kwa hasira kidogo. Nikakuta springi mbili ndefu za rangi ya zambarau, zinang'aa kama kucha za bibi harusi. "Hizi zinaingia wapi?" Akanionyesha: ndani ya bomba, ndani ya oili, hazitaonekana tena. Yaani mwanaume anayelalamikia bei ya pazia amenunua zambarau ya kuficha!

Ila ukiiangalia springi ile unaona akili yake. Upande mmoja mizunguko imekaribiana, upande wa pili imeachana. Ile iliyokaribiana inabonyea kwanza, inameza vijishimo. Ikishagusana, inabaki ile migumu kubeba mzigo mkubwa wa breki na matuta. Ya zamani tuliyoitoa ilikuwa laini mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayesema ndiyo kwa kila kitu.

Kazi ilifanyika Jumapili mchana, juu ya mwamba bapa ulioko uani, maana Igogo ukitaka mahali tambarare unamshukuru Mungu kwa jiwe. Pikipiki ikasimama kwa stendi yake, jeki na ubao chini ya injini, tairi la mbele likaning'inia. Kuna mpangilio hapa, na ukikosea mpangilio unalia. Vifuniko vya juu vya shokapu hulegezwa shokapu zikiwa bado zimeshikwa, kwa sababu ukishazitoa hakuna cha kuzishika spana ikivuta. Kidude cha breki tulikifungia kamba kwenye fremu, kisining'inie kwa mpira wake. Kisha tairi, kisha shokapu zenyewe zikateremka kama miguu ya mgonjwa.

Kifuniko cha mwisho alikifungua polepole, kitambaa juu yake, uso pembeni. Springi inakisukuma kutoka ndani, na kikiruka kinaweza kung'oa jino. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi na ilinuka kama dagaa waliosahaulika kwenye mvua. Hiyo tuliikinga kwenye beseni na kuiweka kwenye dumu. Mtu asikudanganye kumwaga chini: Igogo mvua ikinyesha kila kitu kinateremka ziwani, na maji yale ndiyo tunayokunywa. Tulipozilaza springi za zamani pamoja, hata zenyewe kwa zenyewe hazikulingana. Moja ilikuwa fupi kwa milimita nne.

Kazi yangu mimi ilikuwa oili mpya. Unajaza, unapandisha na kushusha bomba mpaka hewa itoke, halafu shokapu ikiwa imebanwa hadi mwisho, bila springi ndani, unapima kutoka ukingo wa juu mpaka kwenye oili. Nafasi hiyo ya hewa nayo inafanya kazi ya springi ndogo, hivyo lazima ifuate karatasi ya maelekezo na ilingane pande zote mbili. Nilitumia bomba la sindano la kuwanyweshea watoto dawa, lililoungwa kijimpira chembamba, nikavuta tone kwa tone. Mimi ni mhasibu, bwana. Kwangu pande mbili zikitofautiana hata milimita moja hatufungi vitabu.

Kisha ikaja sehemu ambayo mwanaume hawezi kuifanya peke yake hata awe bingwa wa dunia. Unatakiwa kujua pikipiki inazama kiasi gani ikibeba mzigo wake wa kweli. Tukavaa kama wa safari, tukajaza masanduku, tukapanda wote wawili miguu juu. Shemeji yangu akashika usukani tusianguke, binti yetu mkubwa akashika rula. Unaibonyeza pikipiki, unaiacha ipande yenyewe, anapima. Unaiinua, unaiacha ishuke yenyewe, anapima tena. Unachukua katikati. Kabla ya kazi tulikuwa tumepata milimita 81. Sasa akasoma 62. Kinachotafutwa ni karibu theluthi moja ya safari yote ya shokapu. Ikizama zaidi inagonga chini, ikizama kidogo mno tairi halina nafasi ya kushuka shimoni na linarukaruka. Majirani walikuwa wametoka wote kuangalia watu wazima wanaopanda pikipiki isiyokwenda popote.

"Shuka kidogo, mama." Nikashuka. Rula ikaonyesha 57.

Nikauliza, mbona tofauti ni ndogo hivyo, au kilo zangu hazina heshima? Akaniambia uzito wa nyuma karibu wote unaliangukia tairi la nyuma. Huku mbele unakuja pale anapofunga breki, unakuja wote kwa mpigo mmoja. Kumbe ndiyo ile ko. Akakaza na marekebisho ya shokapu ya nyuma palepale, ili pikipiki isikae kwa makalio.

Jumamosi iliyofuata tukateremka. Lile jiwe la mtaani tulilivuka nikiwa nimeuma meno, meno hayakuhitajika. Mkuyuni akagusa breki kwenye tuta, pua ikashuka kwa adabu, ikasimama njiani, ikarudi. Nikasubiri ko. Haikuja. Buhongwa kwenye rasta nilisikia mtetemo kwenye soli za viatu tu. Darajani upepo wa ziwa ulikuwa mkali, mikono yangu ilikuwa kiunoni kwake, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu tuliweza kuongea tukienda. Tuliongea mambo ya ada za shule, lakini tuliongea.

Mayu alikuwa mlangoni. Hakuuliza habari za springi. Aliangalia kiti cha nyuma kwanza, halafu uso wangu, halafu akaenda kumkamata jogoo.

Wakati wa kurudi, na mzigo wote ule, kiuno kilianza kunikumbusha tulipofika Usagara, lakini safari hii kwa kutokea chini ya kiti. Nikamwambia. Akanyamaza mpaka Nyegezi. Kisha akasema springi ya nyuma nayo ipo, rangi ileile.

Makochi tumeyasogeza tena, mpaka Desemba.