Cheche na Wakati Wake
Mkulima mmoja wa Ruiru alikuwa na Land Rover ya petroli, jamii ya zile zilizokuwa zikiunganishwa Thika katika miaka ya 1970. Injini yake ilipochakaa alitiliwa nyingine huko Thika. Lakini ilipowashwa ilitoa mshindo katika kabureta, isishike. Mwenyewe akaanza kulalamika kwamba ameuziwa injini mbovu, na fedha zake za kahawa zimepotea.

Fundi mzee hakufungua kitu ila plagi ya silinda ya kwanza. Akaziba tundu kwa kidole gumba, akamwamuru mwanafunzi wake aizungushe injini kwa mkono. Alama ya puli ikafika mahali pake, lakini kidole hakikusukumwa na hewa.

“Bado, mwanangu, zungusha tena.”

Safari ya pili hewa ikakisukuma kwa nguvu. Kumbe pistoni hupanda mara mbili kwa cheche moja: mara moja hutoa moshi, mara nyingine hushindilia hewa na petroli, na alama (jambo linalowapoteza wengi) huonekana mara zote mbili. Distribyuta ilikuwa imetiwa kinyume.

Akaitia sawasawa, nyaya zikafuata 1, 3, 4, 2. Kisha akaisimamisha injini nyuzi chache kabla ya pistoni kufika juu, akaigeuza distribyuta polepole mpaka taa ndogo aliyoiunga ikawaka; hapo akaikaza. Cheche ikiwahi mno injini hugonga. Ikichelewa, hupata joto na kukosa nguvu mlimani.

Jioni ile gari lilirudi Ruiru kwa injini ile ile iliyokwisha kuhukumiwa.