Akina Mama wa Kanisa Nyamuswa Waingia Serengeti, Bibi Akutana na Tembo Mchana Kweupe

Safari hii ilisubiriwa karibu mwaka mzima. Kila Jumapili baada ya ibada mtunza hazina alikaa chini ya mti na daftari lake, shilingi 2,000 kila mama, na mwenye 1,000 aliandikiwa 1,000 yake. Wapo waliotaka Butiama, kwenye makumbusho na kaburi la Mwalimu Nyerere, maana ni jirani na nauli yake ndogo. Lakini wengi walishafika huko, wengine zaidi ya mara moja. Wakakubaliana Serengeti.

Mtu wa mbali atashangaa. Bunda imepakana na hifadhi, halafu akina mama wazima wa Nyamuswa hawajawahi kuingia hata siku moja? Lango la Ndabaka wanalijua vizuri sana, ila wamelionea dirishani, basi likipita kwenda Mwanza, na mara nyingi safari yenyewe ni ya kumpeleka mgonjwa Bugando. Nani atawaza kushuka kutazama swala huku ameegemewa na mgonjwa?

Halafu hawa ndio wale wale wanaopika kwenye kila msiba na kila harusi. Wageni wakila, wao wako jikoni na moshi. Mwenyekiti alisema basi, siku moja tu, na wao wapikiwe. Vijana wa kwaya wakakesha na pilau. Ilizidi chumvi kidogo, lakini hakuna aliyesema kitu.

Alfajiri ya Jumamosi moja ya Juni Kosta ikatoka Nyamuswa imejaa vitenge vya sare. Bunda mjini ikakunja kushoto kufuata lami ya Mwanza. Nyimbo hazikukatika hadi langoni, ambako ghafla wote wakanyamaza, kama watoto waliofika ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwongoza wageni akapanda, akasalimia "shikamooni mama zangu", akaanza kazi: hifadhi ilianzishwa 1951, ina kilomita za mraba 14,763, na tangu 1981 imo kwenye urithi wa dunia. Wakapiga makofi. Mama mmoja wa nyuma akauliza choo kiko wapi.

Siku yenyewe ilikuwa tamu. Nyumbu walikuwa wengi upande huu wa magharibi, kama kawaida yao miezi hiyo wakielekea kaskazini. Twiga alivuka barabara bila haraka yoyote, dereva akamsubiri. Mto Grumeti mamba walikuwa wamelala na midomo wazi, na mke wa mwinjilisti, anayejulikana kwa ukali, akafumba macho kabisa na kukataa kuyafumbua hadi gari lisogee.

Sasa kulikuwa na bibi mmoja, mjane, aliyeuza majogoo wawili kumalizia mchango wake. Huyu na tembo wanajuana kwa miaka mingi, ila ni kwa usiku tu. Anawajua kwa mlio wa mabua yakivunjika na kwa nyayo anazozikuta asubuhi, kila moja kama beseni. Mwaka juzi mahindi yake yaliisha kwa siku mbili, kajisimamia na debe na tochi, anapiga, wao wanakula. Alijaza fomu ya kifuta jasho. Kwa asiyejua, kifuta jasho si fidia. Ni pole tu, na jina lenyewe linasema.

Tembo wakaonekana karibu na saa sita, kundi la majike na watoto wao, hatua chache kutoka barabarani. Simu zote zikatoka. Bibi akasimama, akashika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Kumbe ndio ninyi," akasema. "Mahindi yangu mliyaonaje?"

Kosta nzima ikacheka hadi mwongoza wageni akaomba sauti ipunguzwe. Bibi hakucheka. Alimtazama mtoto mmoja mdogo aliyekuwa akipita chini ya tumbo la mama yake, akapotea kati ya miguu, akatokea upande wa pili. Alimtazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Mwanangu, hawa wakija kwetu hupitia wapi?"

Kijana akajikuna kichwa. "Bibi, sehemu kubwa haina uzio. Tembo hajui mpaka."

"Mpaka naujua mimi tu?"

Hapo hakujibiwa.

Chakula kililiwa kivulini, kwenye eneo la kupumzikia wageni, wengine wamevua viatu. Mwenyekiti akamwomba bibi aombee chakula, nadhiri kwamba ataomba kwa kifupi kama kawaida yake. Akashukuru kwa safari, akawaombea waliobaki nyumbani na wagonjwa, kisha akasema, "Na wale wanyama, Baba, wape majani ya kutosha huku huku." Amina iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko zote za siku hiyo. Karibu kila mmoja pale ana shamba.

Kosta ilirudi Nyamuswa giza linaingia. Bibi akashushwa karibu na kwake, na pilau iliyobaki kwenye mfuko. Mjukuu akaja mbio kumpokea, anauliza kama kweli ameona tembo, ni wakubwa kiasi gani.

"Nimewaona," akasema. "Ila wale ni wa mchana. Debe langu liko wapi?"