Jicho Moja kwa Bibi, Jicho Moja kwa Maandishi

Kila aliyekaa na wazee anajua kwamba msimulizi anahitaji uso wa kutazama. Ukiinamia daftari, hadithi inapoa. Ukiinamia simu ndiyo kabisa, anajua unachati. Kwa sababu hiyo, tangu kiangazi kilichopita nimekuwa nikijaribu skrini za kuvaa kichwani hapa Mkonze, zilizounganishwa na kikompyuta cha mfukoni, ili niandike huku namtazama bibi yangu.

Mtaniuliza kwa nini nisirekodi tu. Nilirekodi. Bibi akiona kinasa sauti anakaa wima na kuanza kuongea kama yuko kwenye mkutano wa kijiji. Kigogo chote kinakimbia.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alitengeneza skrini ya kichwani nzito kiasi kwamba ilibidi ining'inizwe darini. Lakini ninayemwonea wivu ni Thad Starner, ambaye tangu 1993 amekuwa akitembea na kompyuta mwilini na skrini mbele ya jicho moja, akiandika kwa mkono mmoja yale anayoambiwa wakati mazungumzo yanaendelea. Skrini yake ya mwanzo, Private Eye, ilikuwa na rangi nyekundu tu, nukta 720 kwa 280. Kwa maandishi hiyo inatosha. Miaka 20 baadaye alikuwa kwenye timu ya Google Glass, iliyouzwa dola 1,500 na kuondolewa kwa wanunuzi wa kawaida mapema 2015. Watu hawakupenda kutazamwa na mtu mwenye kamera usoni. Changu hakina kamera.

Nimejaribu tatu. Ya kwanza ni ile miwani ya kurushia droni, boksi lenye skrini ya inchi 5, nukta 800 kwa 480. Picha yake nzuri, bei yake inavumilika, ila inafunika macho yote mawili. Bibi alicheka mpaka akakohoa, akaniuliza kama siku hizi naendesha bodaboda. Hakusimulia kitu siku hiyo.

Ya pili niliazima kwa rafiki: miwani yenye vioo vinavyopitisha mwanga, maandishi yanaelea mbele ya dunia. Ndani ya nyumba ni raha tupu. Tatizo sisi hatuongelei ndani, tunakaa uani, na jua la Dodoma la saa sita mchana linafuta maandishi yote. Ukibandika kioo cheusi kwa nje unayaona tena, lakini hapo bibi ndiye hakuoni macho. Jioni ilikuwa afadhali, mpaka alipogundua macho yangu yanatembea. "Unasoma nini usoni kwangu, mjukuu wangu?"

Ya tatu ndiyo ninayoivaa. Mnazikumbuka zile kamera kubwa za begani, za kanda, zilizopiga kila harusi miaka ile? Zina kijibomba pembeni cha kuchungulia, na ndani yake kuna kitelevisheni kidogo cha rangi nyeusi na nyeupe. Fundi mmoja mjini aliniuzia kimoja kutoka kamera mbovu. Ukishazijua nyaya tatu, ya umeme, ya hasi na ya picha, kikompyuta cha Raspberry Pi Zero kinaongea nacho vizuri tu. (Usishike ndani kikiwa kinawaka. Umeme wa mle si wa mchezo.) Lenzi yake inarekebishika, kwa hiyo maandishi yaliyo sentimita chache kutoka jichoni yanaonekana kama yako mbali, na jicho halichoki haraka. Mstari mmoja unabeba herufi 40 hivi. Kwa kuwa kimezibwa pande zote, jua halikisumbui, vumbi tu. Nimekifunga chini ya kapelo, jicho la kulia. La kushoto ni la bibi.

Kuandika natumia kibodi ya namba, nimeipangia herufi kama simu za vitobo. Sisi tuliotuma meseji chini ya dawati hatuhitaji kutazama vidole.

Nilimweleza bibi kwamba anachosema kinaandikwa. Akafikiri kidogo. "Na nikinyamaza, kinaandika nini?"

Mwezi uliopita alirudi kwenye Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, pale majeshi ya vita vya Wazungu yalipokomba ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo, kisha mvua ikakataa. Gregory Maddox ameiandika, na Mwalimu Ernest Musa Kongola alikusanya historia za koo. Lakini kwetu kulikuwa na jina ambalo halikuwahi kutajwa: dada wa mama yake bibi, aliyepelekwa kwa watu kwa ajili ya uwele, asirudi. Bibi alilitaja akinitazama jicho la kushoto, mara moja tu, akaendelea na habari ya mbuzi.

Baadaye aliomba kuchungulia. Hajui kusoma, nikamwonyesha mstari wenyewe.

"Ndiyo lenyewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Mbona fupi."

Jina sitaliandika hapa. Nimemwachia yeye aamue. Kwa sasa natafuta pawabenki kubwa zaidi. Niliyonayo inadumu saa tatu, na bibi akianza jioni, hapo ndipo kwanza anapasha moto.