Kinachozeeka Kwanza ni Mito

Mpwa wangu,

Habari zimemfikia mjomba wako kwamba umenunua DT 770 Pro kwa ajili ya studio yako ya Sinza, na kwamba mama yako aliposikia bei alishika kichwa. Hongera. Mama yako ataelezwa, atatulia. Ila hedifoni za aina hiyo zina masharti, na mengine hayamo kwenye kijikaratasi cha ndani ya boksi, kwa kuwa walioziunda wako Heilbronn, Ujerumani, nao hawaijui Dar es Salaam ya masika.

Hao Beyerdynamic si wageni wa kazi hiyo. Eugen Beyer alianzisha kampuni Berlin mwaka 1924, na mwaka 1937 wakatoa hedifoni zilizoitwa DT 48. Spika iliyotengenezwa vizuri, isipopigwa sauti kupita kiasi, hudumu miaka mingi. Kinachowahi kufa ni vitu vya pembeni: mito inayokaa masikioni, waya pale unapoingilia kwenye jeki, sponji ya upinde wa kichwani. Maadui wa vitu hivyo ni jasho, mafuta ya nywele na unyevu, na kwenye mwambao wetu vyote vitatu vipo mwaka mzima.

Mfano mzuri ni Sony MDR-7506, zilizoingia sokoni mwaka 1991 na hadi leo zinaonekana kwenye studio na vituo vya redio duniani kote. Fundi mitambo yeyote aliyezitumia anaijua ile hali ya mtangazaji kutoka chumba cha habari na vipande vyeusi vimemganda shavuni kama masizi. Ni mito imebanduka. Ngozi bandia ni kitambaa kilichopakwa tabaka la poliuretani, na maji yaliyomo hewani hulimeng'enya tabaka hilo polepole, joto likiongeza kasi. Ndiyo maana hubanduka hata zikifungiwa kabatini bila kuvaliwa. Wapo wanaoipaka mito hiyo mafuta ya mgando au dawa ya viatu ili ing'ae. Inang'aa kweli kwa siku chache, lakini kilichokwisha kuoza hakirudi, na mafuta yanamwachia mvaaji shavu linaloteleza.

Zako zina mito ya mahameli, kwa hiyo kubanduka si shida yake. Shida yake ni kunywa: jasho, mba, poda, vumbi la Sinza, vyote vinaingia na kukaa. Mwenye kutaka kuiosha hushika ukingo wa mto kwa vidole na kuuvuta taratibu kuanzia upande mmoja, maana nyuma kuna mkunjo mwembamba wa kitambaa uliobana kwenye mfereji wa plastiki. Mto ukishatoka, huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya maji. Huminywa, haukamuliwi kwa kupinda. Baada ya kusuuzwa, hukandamizwa kwenye taulo kavu, kisha huanikwa kivulini penye upepo. Siku nzima, na wakati wa masika mbili. Kuurudisha ndiko kunakowashinda vijana: ule mkunjo lazima uzungushwe kidogo kidogo hadi uingie mferejini wote, na anayeuvuta kwa haraka huuchana.

Apple nao, kwa AirPods Max zao, wanaelekeza mililita 5 za sabuni ya maji ya kufulia kwa kila mililita 250 za maji, na kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Upinde unapofutwa, hedifoni zigeuzwe juu chini ili maji yasiteremke kwenye maungio. Hilo la kugeuza linafaa hedifoni zote.

Mito ikiwa nje, spika inabaki na kinga ndogo tu, na hapo ndipo watu huharibu. Mtu anaona vumbi, anapuliza kwa mdomo. Pumzi ina mate, na utando wa spika ni mwembamba mno kustahimili kishindo cha hewa. Bomba la upepo na mashine ya kufyonza vumbi ni hatari zaidi. Brashi laini ya poda, hedifoni zikitazama chini ili uchafu udondoke, inatosha. Nywele moja ikipenya na kugusa utando, besi fulani zitakuwa zinakwaruza, na mwenye nazo ataapa kwamba spika imeungua. Mara nyingi ni unywele. Nyuma ya utando kuna sumaku, kwa hiyo zisiwekwe karibu na mahali panapokatwa au kupigwa tupa chuma.

Kwa produsa, jambo zito zaidi ni mito kulala. DT 770 ni hedifoni zilizofungwa nyuma, na besi yake inategemea mto kukaa vizuri kuzunguka sikio. Sponji ikichoka, hewa inavuja na besi inapungua. Inapungua kidogo kidogo, kwa miezi, na sikio linazoea. Produsa anaona wimbo hauna uzito, anaongeza besi. Siku wimbo unapigwa kwenye daladala, vioo vinatetemeka na maneno ya mwimbaji hayasikiki, lawama zinaangukia mashine. Mto uliobaki bapa hata baada ya kupumzika usiku kucha umekwisha, hata kama mahameli yake bado ni safi.

Jeki hufutwa kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, ile ya duka la dawa. Spiriti ya zambarau haifai, na hata hiyo ya dawa isiguse mahameli wala ngozi bandia. Waya wa DT 770 Pro ya kawaida hauchomoki, tofauti na Sennheiser HD 25 za mwaka 1988 ambazo waya wake ni wa kubadilisha tu. Wako ukikatika ni kazi ya fundi wa kuchomelea, basi usizungushwe kwa kubana kwenye hedifoni. Ukunjwe kwa duara kubwa na kulegezwa.

Wasanii wanaokuja kurekodi wana mafuta kichwani na jasho la bodaboda. Wapewe hedifoni nyingine, za bei ya kawaida, zenye kifuniko cha kitambaa kinachofuliwa. Za kuchanganyia wimbo zisitoke mezani kwako. Zikiisha kazi, ziachwe wazi zikauke kwanza, ndipo ziingie kwenye boksi pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Dada yako naye aambiwe: zile hedifoni ndogo za bluetooth zisiachwe ndani ya gari juani, betri ya lithiamu haipendi joto.

Binamu yako wa Hamburg anakuja Desemba. Mwagize jozi moja ya mito halisi ya DT 770, ya mahameli, na umtumie picha ya hiyo uliyonayo asije akachanganya. Moja tu, kwani sponji huzeeka hata ikiwa bado kwenye mfuko wake.

Mjomba wako,
Tanga