Namba Yangu, Miguu ya Binamu

Hivi msomaji wangu, goti limevimba, mbio ni Jumapili na namba umeshalipia. Ungefanyaje? Binamu yangu alikuwa anaitaka kwa udi na uvumba, kilomita 21, maana nafasi zilikuwa zimekwisha. Nikawapigia waandaaji, mbio moja hapahapa Dar: nibadilishieni jina. Eti haiwezekani!

“Mpe kimyakimya, nani atajua?” akanishauri shoga yangu.

Nikakataa. Namba ile ina chipu yenye jina langu. Kwenye fomu nilijaza sina ugonjwa, na simu ya dharura ni ya mama. Binamu ana pumu. Akidondoka njiani, daktari atasoma habari zangu, na atakayepigiwa ni mama yangu mwenye presha! Halafu muda wake uandikwe wangu, mimi mvivu nitokee bingwa?

London Marathon, iliyoanza 1981, nayo hairuhusu kumpa mtu namba. Ila ukiumia unajitoa mapema, mwakani nafasi unayo, ingawa hela unalipa tena.

Jamani, kulipa tunalipa kwa simu, chapchap. Jina tu ndilo linashindikana? Waturuhusu tubadilishe wenyewe kwenye intaneti, mgeni ajaze fomu yake upya, wachukue na elfu tano yao. Wakitaka kufunga siku kumi kabla ya mbio, poa tu.